Ramani imetoka, skeli imekataa: jinsi ya kujua kosa liko wapi

"Injinia, ramani yako imenidanganya." Ndivyo alivyonipokea fundi mkuu asubuhi moja saiti, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuiitikia. Alikuwa amesimama ndani ya mtaro wa msingi wa baraza, futi kamba mkononi, karatasi ya A3 imekunjwa mara nne mfuko wa shati. Ukuta wa mbele wa nyumba ulikuwa na mita 9.6. Mtaro wa nguzo za baraza, ambao ulitakiwa uende sambamba na ukuta huo kona kwa kona, ulikuwa na mita 9.2. Kwenye ramani nilisahau kuandika kipimo cha baraza, naye akafanya ambacho fundi yeyote angefanya: aliweka rula juu ya karatasi, akapata milimita 92, akasoma pale chini "Skeli 1:100", yaani milimita 1 ya karatasi ni milimita 100 za nyumba, akachimba.

Nikaazima rula yake nikapima ukuta wa mbele, ambao kipimo chake nilikuwa nimekiandika. Ulipaswa kuwa milimita 96. Ulikuwa 92 na kidogo. Nikagawanya kwenye simu: 0.96. Namba hiyo peke yake ilitosha. Sikuhitaji kumuuliza mtu wa steshenari alibonyeza nini, wala kufungua kompyuta. Vijana watatu walipoteza siku nzima kufukia na kuchimba upya, na siku ile nililipia mimi, kwa kuwa karatasi iliondoka mikononi mwangu bila kupimwa.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja tu wa kutafuta kosa la skeli, na ndio ninaouandika hapa. Watu wengi ramani ikikataa huanza kubonyeza: wanabadilisha hiki, wanaprinti, wanabadilisha kile, wanaprinti tena, na karatasi za A1 si za bure. Mimi nasema usiguse kitu. Pima kwanza, gawanya, halafu iache namba ikupeleke kwa mkosaji.

Namna ya kupima

Chagua kitu kwenye mchoro ambacho unakijua urefu wake, kirefu kadiri iwezekanavyo. Ukipima mlango wa milimita 9 kwenye karatasi, kosa la nusu milimita la jicho lako ni zaidi ya asilimia 5, na hapo hujapima kitu. Ukipima ukuta wa milimita 200, nusu milimita hiyo hiyo ni robo ya asilimia. Pima mara mbili: mara moja kwa mlalo, mara moja kwa wima. Kisha chukua ulichopata kwa rula ukigawanye kwa kile kilichopaswa kuwepo. Andika namba zote mbili pembeni ya karatasi.

Rula nayo ichunguze. Rula za plastiki nyingi sifuri yake imelika, kwa hiyo anzia kwenye alama ya sentimita 1, kisha uitoe. Rula ya chuma ni bora. Utepe wa fundi cherehani usiutumie, unavutika. Na kama unatumia rula ya skeli ya pande tatu, hakikisha unasoma upande wa 1:100 na si wa 1:125. Nimeona watu wazima wakibishana saa nzima kumbe kila mmoja anasoma upande wake.

Kama namba ya mlalo na ya wima zinalingana, kosa limefanywa na programu: mahali fulani kati ya kompyuta yako na printa kuna aliyekuza au kupunguza. Zikitofautiana, kosa ni la mashine au karatasi. Tofauti hii ndiyo njia panda ya kwanza, na inakuokoa nusu ya kazi.

0.96, 0.97 au karibu na hapo

Huyu ndiye mkosaji wa kila siku. Printa nyingi za leza haziwezi kufikisha wino mpaka ukingoni mwa karatasi. Huacha kama milimita 4 kila upande. A4 ina upana wa milimita 210, toa 8 zinabaki 202. Gawanya 202 kwa 210 unapata 0.96. Yaani programu imeutazama ukurasa wako, ikaona hautoshi ndani ya eneo linaloprintika, ikaubana ili usikatwe. Imefanya hivyo kwa nia njema, ila haikukuambia.

Kwenye Adobe Reader, programu ya kufungulia PDF, dirisha la kuprinti lina chaguo la "Fit" na la "Shrink oversized pages". Yote mawili yanabana. Unachotaka ni "Actual size", au "Custom Scale" ukiandika 100. Na ukishaweka hapo, fungua pia mipangilio ya printa yenyewe, kitufe cha "Properties", kwa sababu madereva mengi ya printa, yaani programu ndogo zinazoiendesha, yana kisanduku chao cha kubana kurasa, na kikiwa na tiki kitabana hata kama Reader imeagizwa asilimia 100. Nimewahi kuhangaika mchana mzima na hili: kila mtu ananionyesha Reader iko sawa, na kweli ilikuwa sawa.

Ukiprinti moja kwa moja kutoka AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kisanduku cha kutoa tiki ni "Fit to paper". Huwa kinaleta shida zaidi pale unapochagua eneo la kuprinti kwa "Window" au "Extents". Ukiwa kwenye ukurasa wa layout, ule wa kupangia mchoro juu ya karatasi kabla ya kuprinti, ukachagua eneo "Layout" na skeli 1:1, kisanduku hicho hukipati hata ukikitaka, na ndivyo inavyopaswa.

Lakini uliza swali moja zaidi: kwa nini mtu wa steshenari alibana? Mara nyingi ni kwa sababu fremu ya ramani yako imegusa ukingo wa karatasi. Alipoprinti kwa ukubwa halisi, mstari wa fremu ukakatika upande mmoja, akaona imeharibika, akakusaidia kwa kubana. Kwa hiyo dawa ya kudumu iko kwako. Chora fremu ikiwa milimita 10 ndani ya ukingo wa karatasi: kwa A3, ambayo ni 420 kwa 297, fremu iwe 400 kwa 277. Ikitoka nzima kwa ukubwa halisi, hakuna atakayeshawishika kuibana.

0.94 au chini ya hapo kidogo, na A4 peke yake

Hapa angalia saizi ya karatasi iliyochaguliwa, si ya karatasi iliyo kwenye trei. Marekani hawatumii A4. Karatasi yao ya ofisini inaitwa Letter, upana milimita 215.9 na urefu 279.4. Kompyuta iliyokuja na mipangilio ya huko, au printa ambayo haijawahi kuguswa tangu itolewe kwenye boksi, hudhani ndiyo iliyopakiwa. Ukurasa wako wa urefu wa 297 unabanwa uingie kwenye 279.4, na hiyo ni 0.94. Kama printa inaacha pambizo zake pia, utapata pungufu ya hapo, karibu 0.91.

Dalili yake nyingine, kama uliprinti kwa ukubwa halisi: skeli inasoma vizuri kabisa lakini kipande cha chini ya ramani hakipo. Tofauti ya 297 na 279.4 ni milimita 17.6, na kwa bahati mbaya huko chini ndiko tunakoweka jina la mradi na skeli.

Badilisha sehemu tatu: kwenye programu, kwenye mipangilio ya printa, na kwenye kioo cha printa yenyewe kama kina menyu ya trei. Ukibadilisha moja, kesho Letter imerudi.

0.76

Namba hii ilinichukua muda kuielewa mara ya kwanza. Uliituma ramani kwa WhatsApp kama picha. Mtu wa steshenari akaipokea, akaibandika kwenye Word, akaprinti. Word kwa kawaida huacha pambizo ya sentimita 2.54 kila upande, kwa hiyo katika upana wa 210 zinabaki 159.2, na 159.2 kwa 210 ni 0.76.

Picha haina skeli. Ramani ikishageuzwa picha, imebaki kuwa vinukta vya rangi visivyojua milimita ni nini, na kila programu inayoifungua inaipa ukubwa inaoutaka. Tuma PDF, na itume kama hati, usiitume kama picha. Picha iliyopigwa kwenye kioo cha kompyuta isitumike kabisa kwa kitu kitakachopimwa.

0.71 na 0.5

Hizi ni namba za saizi za karatasi. Karatasi za A zimetengenezwa hivi: ukishuka saizi moja, kila upande unazidishwa kwa 0.707. A3 kwenda A4 ni 0.71, ndiyo ile 71% unayoiona kwenye kitufe cha mashine ya kopi. Ukishuka saizi mbili, mfano A1 kwenda A3, ni nusu kamili.

Nusu haina madhara ukiijua. Ramani ya 1:100 ya A1 ikiprintiwa A3 imekuwa 1:200, skeli safi ambayo rula yako inayo. Wengi wetu hufanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu A3 inakaa mkononi saiti na A1 inapeperuka. Hatari iko kwenye maandishi: pale chini bado pameandikwa 1:100. Kwa hiyo kwenye kisanduku cha jina la mradi usiandike "Skeli 1:100" pekee. Andika "1:100 kwenye A1, 1:200 kwenye A3". Maneno machache hayo yanafunga mlango mkubwa.

Kushuka saizi moja ndiko kunakoumiza. 1:100 ya A2 ikiwekwa A3 inakuwa 1:141. Hakuna rula ya 1:141. Kama mteja anataka A3 na wewe umepanga A2, usipunguze karatasi. Tengeneza ukurasa mwingine wa A3 wenye skeli yake, 1:150 au 1:200.

1.04: imezidi, haikupungua

Hii kwa kawaida si printa. Printa inayobana haiwezi kuzidisha. Ukipima mstari wa milimita 200 ukakuta 208, gawanya 100 kwa 96: unapata 1.04. Michoro ya futi na inchi ina skeli ya inchi 1/8 kwa futi 1, na kwa kuwa futi moja ina inchi 12, hiyo ni 1:96. Ndugu yake, inchi 1/4 kwa futi 1, ni 1:48, inayofanana sana na 1:50 kwa macho. Uwiano ni ule ule.

Inaingiaje kwenye kazi yetu ya milimita? Njia mbili. Ya kwanza, faili lilianzishwa kwa kiolezo cha acad.dwt, ambacho ni cha inchi, badala ya acadiso.dwt, na kwenye orodha ya skeli mchoraji akachagua ile iliyoonekana kukaribia. Ya pili ni ramani za zamani. Ukipewa kazi ya kukarabati jengo la enzi za ukoloni na ramani yake imeskaniwa, huenda ilichorwa kwa futi, na mtu akaiingiza kwenye kompyuta akidhani ni 1:100. Tafuta ukuta mmoja uliobaki, kapime kwa futi kamba, kisha kwenye AutoCAD tumia amri ya SCALE na chaguo la Reference: unaonyesha urefu uliopo kwenye mchoro, unaandika urefu wa kweli, mchoro wote unakwenda sawa.

Nyumba imekuwa nukta, au imejaza karatasi kumi

Unachagua 1:100, unabonyeza, karatasi inatoka nyeupe ina alama kama ya kalamu iliyodondoka katikati. Usidhani printa imeharibika. Angalia vizuri ile alama: ni nyumba yako.

Kosa ni uniti. AutoCAD haijui kama 1 yako ni milimita, sentimita au mita. Ukiiambia 1:100 na karatasi iko kwenye milimita, yenyewe inaelewa kuwa milimita moja ya karatasi ibebe uniti 100 za mchoro. Kama ulichora kwa milimita, ni sahihi. Kama ulichora kwa mita, umeiambia kila milimita ibebe mita 100, na nyumba ya mita 12 imekuwa na upana wa milimita 0.12.

Kujua umechora kwa nini, tumia amri ya DIST kwenye mlango wa kawaida wa milimita 900. Ikikujibu 900, ni milimita. 90, sentimita. 0.9, mita. Ikisema 35.43, ni inchi. Usiangalie kilichoandikwa kwenye mipangilio ya uniti, maana hapo panaweza kusema milimita huku mchoro ulishachorwa kwa mita. Mlango hausemi uongo.

Kwa 1:100, mchoro wa milimita unaandika milimita 1 kwa uniti 100. Wa sentimita, 1 kwa 10. Wa mita, 1 kwa 0.1. Ukiwa ndani ya dirisha la layout (viewport, tundu la ukurasa wa layout ambalo mchoro unaonekana kupitia kwake) na mchoro ni wa mita, amri ni ZOOM kisha 10XP kwa skeli ya 1:100, 20XP kwa 1:50, na 5XP kwa 1:200. Mchoro wa milimita unaandika 1/100XP, 1/50XP na kuendelea. Mimi nimeziandika hizi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya meza, sihesabu upya kila mara.

Ikitoka kubwa kupindukia, mara 25.4, basi pale panapoandikwa uniti ya karatasi pamewekwa inchi badala ya milimita. Namba 25.4 popote utakapoiona ni inchi na milimita zimekutana bila kusalimiana. Ndiyo hiyo hiyo inayokuletea mlango uliouchukua kwenye faili la mtu mwingine ukaingia na upana wa mita 22.86. Fungua UNITS kwenye mafaili yote mawili, sahihisha sehemu ya uniti za kuingizia, kisha uingize upya.

Tahadhari moja kwa wanaofanya kazi na wapima ardhi. Wao huchora kwa mita, na pointi zao zina koordineti za kweli za mahali kiwanja kilipo. Wengine wetu huchora kwa milimita. Usichukue faili la mpimaji ukalizidisha kwa 1000 ili lifanane na lako. Koordineti zote zimekufa hapo, na mawe ya mpaka hayatapatikana tena kwa faili hilo. Faili lake libaki lilivyo, ulilete kwako kama rejea ya nje (xref), linaonekana kwenye mchoro wako bila kuguswa.

Faili lile lile, jana sawa, leo si sawa

Uliprinti Jumatatu ikasoma. Jumatano umebadilisha dirisha moja la choo, ukaprinti, ukuta wa milimita 96 umekuwa 98.7. Uwiano hauna jina: 1.028. Namba isiyofanana na chochote hapo juu ni dalili kwamba mkono wa mtu umepita.

Dirisha la layout halikufungwa kwa kufuli. Uliingia ndani yake kwa kubofya mara mbili, ukazungusha gurudumu la mausi ili uone vizuri, ukatoka. Kila mzunguko umebadilisha skeli. Bofya ukingo wa dirisha hilo uone skeli yake inasemaje. Utakuta desimali ndefu isiyo na maana mahali ambapo palikuwa na 1:100. Rudisha skeli, kisha ufunge dirisha kwa alama ya kufuli iliyo chini ya kioo. Ukishafunga, gurudumu litasogeza ukurasa mzima na skeli itabaki. Ninafunga kila dirisha mara tu ninapolitengeneza, kabla hata ya kuweka vipimo.

Kosa jirani: dirisha lina 1:100 na wewe kwenye dirisha la kuprinti umechagua tena 1:100. Umepunguza mara mbili. Kutoka layout huprintiwa kwa 1:1 siku zote, kwa sababu ukurasa wa layout ni karatasi yenyewe kwa ukubwa wake.

Wanaotumia Revit, programu nyingine ya kuchorea majengo, hawana shida hii ya gurudumu, kwani skeli inakaa kwenye mwonekano wenyewe. Wao waangalie sehemu ya "Zoom" kwenye mpangilio wa kuprinti: iwe asilimia 100, isiwe "Fit to page". LibreCAD, nayo programu ya kuchorea, ina kitufe chake cha kutosheleza ukurasa kwenye onyesho la kuprinti. Usikiguse, andika skeli mwenyewe.

Rula inasema 3.6, maandishi yanasema 3.9

Ukipima kuta nyingine zote zinasoma, ila huu mmoja. Basi karatasi haina kosa. Mtu alitaka kubadilisha chumba, akaona kusogeza ukuta ni kazi, akaandika namba mpya juu ya kipimo. Kwenye AutoCAD bofya kipimo hicho uangalie sehemu ya maandishi ya mbadala. Kama kuna namba imeandikwa kwa mkono, ifute, kipimo kitarudi kusema urefu wa kweli. Kama vipimo vyote vya faili vinazidi au kupungua kwa uwiano mmoja, angalia DIMLFAC, namba ambayo AutoCAD huzidishia vipimo kabla ya kuviandika: inapaswa kuwa 1, isipokuwa kama mchoraji alikuwa na sababu.

Nalichukia kosa hili kuliko yote yaliyotangulia. Mengine ni ajali. Hili mtu ameamua karatasi iseme kitu ambacho mchoro hausemi, na fundi wa nondo atafuata maandishi wakati fundi wa paa amefuata rula.

Mlalo na wima havilingani

Umepima, mlalo 200.0, wima 199.1. Programu haibani upande mmoja. Sasa ndiyo zamu ya mashine.

Kwenye plota ya roli, ile printa kubwa ya ramani, upande unaoleta shida ni ule karatasi inakotembea. Rola zinavuta karatasi kidogo kidogo, na kila hatua ikipungua unywele mmoja, mita nzima inapungua milimita kadhaa. Aina ya karatasi ikibadilishwa, kosa hubadilika. Plota nyingi zina zoezi la kusawazisha mwendo wa karatasi kwenye menyu yake. Lifanye kila unapobadilisha aina ya roli. AutoCAD nayo ina kisahihishi chake kwenye mipangilio ya plota: inakuchorea mstatili, unaupima, unaandika ulichopata, nayo inatunza marekebisho kwenye faili la PMP. Yatumie marekebisho hayo kwa mashine ile ile na karatasi ile ile. Ukihamia steshenari nyingine, yazime.

Karatasi yenyewe pia inapumua. Inanyonya unyevu na kuvimba, zaidi upande mmoja wa nyuzi zake kuliko mwingine. Sisi wa mwambao tunaujua unyevu huu: bunda likikaa wazi usiku kucha, asubuhi karatasi zimejikunja. Printa ya leza inaipitisha kwenye joto, unyevu unatoka, inasinyaa. Kwa kawaida haifiki asilimia 1, na kwa nyumba ya 1:100 haina maana kubwa. Funga bunda kwenye mfuko wake, yaishe.

Ina maana sana kwa wanaoprinti 1:1: mchomeleaji anayetaka kiolezo cha ua la geti, seremala anayekata mgongo wa kiti. Kiolezo cha mita 1 kikipungua nusu ya asilimia kimepungua milimita 5, na vipande havitakutana. Adobe Reader ina chaguo la "Poster" linalogawa mchoro mkubwa kwenye A4 nyingi. Acha asilimia 100, ruhusu kurasa zipandane kidogo, washa alama za kukatia. Usiunganishe ukingo kwa ukingo, maana kila ukingo una makosa yake. Chora mistari mirefu ya msalaba ipite kwenye kurasa zote, uiunganishe hiyo. Kisha pima kiolezo kizima kabla ya kukata mbao.

Mraba wa pembeni

Kila ramani yangu sasa ina mraba wa milimita 50 kwa 50 kwenye kona ya chini kulia, umechorwa kwenye ukurasa wa layout, nje ya dirisha, ili skeli ya mchoro isiuguse. Chini yake nimeandika: "Mraba huu ni milimita 50. Ukipungua au kuzidi, karatasi hii haina skeli." Karibu yake kuna rula iliyochorwa, mita 0 hadi 5, na hii iko ndani ya dirisha pamoja na nyumba. Karatasi ikibanwa, rula hiyo inabanwa nayo, kwa hiyo fundi akichukua kijiti akalinganisha na rula ya kwenye karatasi, anapata jibu sahihi hata kama steshenari wamekosea.

Na ujumbe ninaotuma pamoja na faili ni huu: "Printi A3, ukubwa halisi asilimia 100, usibane. Ukimaliza pima mraba wa kona, uwe milimita 50, ndipo utoe kopi nyingine." Kopi zenyewe naomba ziprintiwe kutoka kwenye faili, zisitolewe kopi ya kopi.

Karatasi iko saiti na muda hakuna

Inatokea. Mafundi wamefika, zege linasubiri, karatasi inasoma 0.96, na steshenari ya karibu ni mwendo wa saa nzima. Pima ukuta mmoja mrefu, gawanya skeli kwa uwiano: 100 kwa 0.96 ni 104. Kata maandishi ya "1:100" kwa kalamu nyekundu, andika "1:104, usipime kwa rula, fuata vipimo vilivyoandikwa", weka tarehe na sahihi yako. Halafu kaa na fundi mkuu, mpitie karatasi nzima, na kila mahali penye ukuta usio na kipimo, kihesabu kutoka kwa vipimo vya jirani, ukiandike kwa mkono hapo hapo mbele yake, nguzo za baraza zikiwemo.